Blanketi Lililopanda Suji

Mama alifariki wakati wa masika. Tulipokuwa tukitoka makaburini kule Vudee, kijijini kwetu Upareni, jirani mmoja aliniambia kwamba pengo lake nitaliona sikukuu. Nilidhani anazungumzia chakula. Mama alikuwa mpishi hodari, na Krismasi ya kwetu ilikuwa ni sufuria zake tu. Nikajisemea kwamba kupika najua, kwa hiyo nitapona.

Desemba ilipoingia ndipo nikaelewa. Nina kaka mmoja tu duniani, na sikujua nimnunulie nini.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukiishi, la sivyo mtu ataniona punguani. Mimi nafundisha jiografia Same mjini, huku chini kwenye vumbi na upepo. Kaka yangu yuko Suji, mlimani, alikooa na kuhamia, analima migomba na maharage. Mama alibaki Vudee kwenye nyumba ya baba mpaka mwisho wake. Kila mwaka, Desemba ikianza, mama alinipigia simu. Salamu hazikuwa nyingi. Alisema, "Kaka yako anataka shati la bluu, mikono mirefu," nami nikanunua shati la bluu la mikono mirefu. Mwaka mwingine ilikuwa sweta la bluu. Mwaka mwingine tena shati. Na mimi kutoka kwa kaka nililetewa ungo, mkeka, kapu, na mwaka mmoja ungo mwingine, mama akisema kaka amesikia ule wa kwanza umechakaa. Haukuwa umechakaa. Nilidhani kaka amechanganya habari.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi hatukuwahi kugombana, na sidhani kama tuliwahi kupatana, kwa hiyo mkulima angetusubiri sana. Mambo yote yalipita kwa mama. Akiumwa, niliambiwa na mama. Nilipofiwa na mume, aliambiwa na mama, akaja, akakaa siku zote za matanga, akaondoka, na nadhani tulizungumza habari ya maturubai tu. Sasa mama hayupo. Niliogopa kwamba nikikosea zawadi hii, au nisipompelekea kabisa, tutakuwa watu wa kukutana misibani, halafu siku moja msiba utakuwa wa mmoja wetu na yule mwingine atakaa kwenye kiti cha mbele bila la kusema. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli na iliniharibia usingizi.

Nikaanza na njia fupi. Nikampigia kaka mwenyewe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mvua ipo?"

"Ipo kidogo. Huko?"

"Huku vumbi tu."

"Aa."

"Haya kaka."

"Haya mdogo wangu."

Nilibaki nimeshika simu, nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanatutania Wapare kwamba tunaweza kuuza ng'ombe tupate nauli ya kufuata kesi ya kuku, na mimi kuku huyo ningemfuata hadi mahakama ya rufaa. Nikampigia mke wake. Wifi yangu ni mcheshi, nikategemea atanisaidia.

"Wifi, kaka anapungukiwa nini?"

"Hapungukiwi, wifi. Lete chochote."

Chochote ndicho kitu kigumu kuliko vyote kununua. Nikampigia binti yangu, anayefanya kazi kwenye duka la dawa Arusha, akaniambia, "Mama, mrushie hela kwenye simu, yaishe." Nikamkatia.

Halafu kulikuwa na suala la dini. Mimi nimebaki Mlutheri kama wazazi wangu. Kaka alipooa Suji akawa Msabato. Hawaipigi vita Krismasi, lakini hawaipambi pia. Ni siku inayopita, na mgeni akija atakula. Nilifikiria majani ya chai mazuri, nikakumbuka tangu awe Msabato hanywi chai. Nilifikiria kahawa, vilevile. Saa ya mkononi? Mtu anayeamka na jogoo saa ya nini? Viatu? Sikujua mguu wake. Hapo niliona aibu kidogo, maana miguu ya wanafunzi wangu nusu naijua, wanavyovaa viatu vya kurithishana.

Pale Same, karibu na soko, yuko mzee mmoja muuza nguo na matandiko, Mpare Mwislamu ambaye duka hilo alilirithi kwa baba yake, naye kwa babu yake. Nilikwenda kwake mara kwa mara wiki hiyo. Nilishika shati la bluu, nikaliacha. Nilishika la kijani, nikaona nimeanza ubishi na marehemu, nikaliacha nalo.

"Mwalimu," akaniambia mzee, "Mpare akinunua zawadi lazima mvua inyeshe. Nunua basi, mashamba yanakauka."

"Sijui anataka nini."

"Ni mtu wa namna gani, huyo kaka?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Sikuwa na kitu. Nilimwambia ni mrefu.

Usiku huo nilijilazimisha kukumbuka jambo moja la kaka yangu ambalo nililiona kwa macho yangu, nisiloambiwa na mama. Nilipata moja. Siku za matanga ya mama, asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mlima, kaka alikaa nje na wanaume wengine amejifunika shuka jembamba, na alikuwa anatetemeka. Wengine walikuwa wamevua makoti. Kaka yangu anasikia baridi. Hilo nilikuwa na hakika nalo, na furaha niliyoipata ilinishangaza. Kesho yake nikaenda kwa mzee nikanunua blanketi zito la manyoya, rangi ya kahawia, lililokunjwa ndani ya mfuko mweupe wa nailoni wenye zipu, ule unaoonyesha kila kitu kilichomo.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la Kipare kabisa.

Kwetu binti akiposwa, upande wa mwanamume huja na vitu vyao: mifugo, pombe kwa wanaokunywa, na vinginevyo. Kati ya hivyo kuna blanketi la mjomba, yaani kaka wa mama wa binti. Si kwamba mjomba hana blanketi. Ni heshima yake. Kwanza huitwa kwenye kikao, akawasikiliza wageni, akauliza maswali yake ya kuudhi, na akiridhika ndipo blanketi linapelekwa kwake, mchana, watu wakiona. Mjomba akishalipokea, neno limekwisha, binti ana mwenyewe. Haya yote niliyajua. Mimi mwenyewe niliolewa hivyo, na mjomba wangu alilipokea la kwake akalikagua pindo kwa pindo kama afisa wa forodha. Lakini mume wangu alikuwa mtu wa Tabora, nimeishi mjini miaka mingi, na kichwani mwangu lilikuwamo jambo moja tu, baridi. Haikunijia hata kidogo kwamba nina binti mkubwa ambaye hajaolewa, kwamba baba yake hayupo, na kwamba mjomba wake ni huyu huyu ninayempelekea blanketi.

Tarehe ishirini na nne nilipanda basi hadi Makanya, na pale nikachukua bodaboda ya kupanda mlima. Blanketi nililiweka mapajani, kati yangu na dereva. Tulipoanza kupita kwenye nyumba za Suji, mama mmoja aliyekuwa anaanua maharage alisimama akanipungia mkono.

"Hongera, mwalimu."

Nikashukuru. Mbele kidogo wazee wawili wakavua kofia. "Hongereni sana." Nikashukuru tena. Kona ya mwisho dada mmoja akapiga kigelegele kabisa. Nikawaza kwamba Wasabato wa Suji mwaka huu wameichangamkia Krismasi kupita kiasi, na nikajilaumu kwa kuwadhania wakavu.

Kaka alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitika, tukasimama. Wifi akatoka na kunikumbatia, akaniingiza ndani, akaniletea maji ya moto ya tangawizi na sahani ya makande. Nilikula. Kaka alikaa kiti cha pembeni, macho yake kwenye ule mfuko wa nailoni nilioushikilia bado. Nikaona ni wakati wake. Nikasimama, nikampelekea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa.

"Kaka, hili ni lako."

Hakunyoosha mkono. Akaliangalia blanketi, akaniangalia, kisha akamwangalia mkewe, ambaye kicheko kilikuwa kimemtoka usoni ghafla.

"Wamekuja lini?" akauliza.

"Nani?"

"Hao wageni."

"Sina mgeni. Nimekuja peke yangu."

"Sikiliza, mdogo wangu." Alikuwa amesimama sasa. "Mimi si jirani wa kuletewa blanketi mambo yakishakwisha. Mtoto hana baba. Mmekaa, mmekula, mmekubaliana, na mimi nipo hapa Suji, simu ninayo, ulinipigia juzi ukaniuliza habari za mvua."

Sikuelewa kitu. Nilichojua ni kwamba nimesafiri na mzigo mapajani mpaka miguu imekufa ganzi, na huyu mtu hataki hata kuupokea. Hasira zangu zikafika.

"Ni zawadi ya Krismasi," nikasema. "Wewe unasikia baridi. Nilikuona siku za matanga unatetemeka. Kama hulitaki sema hulitaki, usinisingizie wageni."

Wifi ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika mlango, akaketi kizingitini, akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Blanketi," akasema. "Jamani, blanketi. La mjomba." Ndipo zile hongera zote za njiani zikanirudia kichwani kwa mpangilio wake, mama wa maharage, wazee wa kofia, yule wa kigelegele, nikatamani ardhi inimeze na mkoba wangu.

Kaka hakucheka. Aliketi polepole.

"Haolewi?"

"Haolewi, kaka. Ni blanketi tu."

Akasugua viganja vyake. "Nilifikiri umenitoa," akasema. "Tangu mama aondoke nangoja nione kama utaniita kwenye jambo lolote. Hata dogo. Nikasema, sasa ameitwa kila mtu, mimi nimeletewa blanketi."

Iliniuma na ilinifurahisha kwa pamoja, na sikujua lipi litangulie. Miezi yote hiyo nilikuwa naogopa kwamba hanihitaji, kumbe naye amekaa huku juu na hofu ileile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mama wa kumtuma aseme. Nikalia kidogo. Yeye akaangalia ukuta kwa adabu mpaka nilipomaliza.

"Ungeniambia basi unachotaka," nikamwambia. "Mama ulikuwa unamwambia. Mashati ya bluu."

"Mashati ya bluu?" Alinishangaa. "Mimi sikuwahi kuomba shati la bluu. Rangi yenyewe siipendi. Nilivaa kwa sababu mama alisema umeyachagua wewe kwa mapenzi yako."

"Na nyungo?"

"Nyungo uliomba wewe. Mwaka ule nilimwambia mama, huyu mwalimu wa mjini anapepeta nini siku hizi? Akasema nisiulize, ninunue."

Tukatazamana. Ninapoyaandika haya bado sijui niyaweke upande gani. Mama hakuwahi kupeleka ujumbe wowote. Alitutungia maneno yeye mwenyewe, pande zote mbili, kila Desemba, na sisi tukaamini tunazungumza. Kuna siku namwona mjanja na namcheka. Kuna siku nakasirika, kwa sababu kama angetuacha tunyamaziane kweli, pengine mmoja wetu angechoka na kufungua mdomo. Wifi akauliza kama sasa kila mmoja amrudishie mwenzake zawadi zake.

Baadaye tukarudi kwenye shida iliyokuwepo mezani. Blanketi lilikuwa limepanda. Suji nzima imeliona.

"Sasa nikijifunika," akasema kaka, "kesho wataanza kuniuliza arusi lini."

"Basi nirudi nalo."

"Ukishuka nalo ndiyo vibaya zaidi. Watasema mjomba amekataa posa. Mtoto ataonekana ana kasoro, na mimi nitaonekana mkorofi."

"Nilifiche kwenye kapu, chini ya ndizi."

"Watauliza liko wapi."

"Tuwaeleze ukweli, kwamba ni zawadi."

Wifi akatikisa kichwa. "Wifi, ukiwaambia Wapare kwamba mtu kanunua blanketi zito vile, bila posa, kwa ajili ya Krismasi, na anampa Msabato, nani atakuamini?"

Tulikaa hapo jioni ile tukiligeuza jambo huku na huku. Kaka alipendekeza, nikapinga. Nikapendekeza, akapinga. Niligundua kwamba ana tabia ya kukuna sikio akitaka kubisha, na kwamba ni mbishi kuliko mimi, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Niligundua pia kwamba nafurahi, ingawa tulikuwa hatujafika popote na kila njia tuliyoishika ilituongoza kwenye aibu nyingine.

Mwisho kaka akachukua simu yake.

"Unampigia nani?"

"Mwenye blanketi," akasema. "Jina lake limetembea kijiji kizima. Ana haki ya kujua kabla hajasikia kwa watu."

Akampigia binti yangu, akaiweka simu mezani ili sote tusikie. Mtoto akaitika kwa furaha, "Shikamoo mjomba," naye akaitikia. Kisha, kwa sababu kaka yangu hajui kuzungukazunguka, akaenda moja kwa moja.

"Mama yangu, nakuuliza kama mjomba wako. Kuna mtu?"

Nilikuwa tayari kucheka. Nilitegemea binti acheke, aseme mjomba umeanza, nami niingilie kati nimsimulie kichekesho cha mama yake na blanketi lake. Badala yake simu ikawa kimya. Nikaangalia kama mtandao umekata. Haukuwa umekata.

"Mjomba," akasema binti yangu kwa sauti ndogo, "nani kakuambia?"

Wifi aliziba mdomo. Mimi niliinuka nusu, na kaka akanionyesha kwa kiganja kwamba nikae. Nikakaa. Hasira zilinipanda, na wivu, maana mimi ndiye niliyemzaa na mimi ndiye ninayelala nyumba moja naye akija likizo. Zaidi ya hasira nilichanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimebeba blanketi la posa ya kweli mlima mzima bila kujua.

"Hakuna aliyeniambia," kaka akamjibu. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Mama yako yuko hapa, anasikia. Hakukasirikii."

Huo ulikuwa uongo, nikaumezea.

Binti akaeleza. Yupo mtu, wa Kwakoa, kwao wafugaji, naye yuko Arusha kikazi. Alitaka kuja kujitambulisha mapema, lakini bibi akafariki, na yeye hakujua, bibi hayupo, jambo kama hili unalianzia kwa nani. Aliogopa kuniambia kwa sababu mimi ni mkali. Alitaka kumwambia mjomba akawaza kwamba mjomba na mama hawazungumzi.

"Tunazungumza," akasema kaka.

Akamwambia mtoto atulie, afanye kazi yake, asije na mtu yeyote mpaka aitwe. Akamtakia Krismasi njema, neno ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Akakata simu. Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akakuna sikio.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Tunasemaje?"

Nilitafuta jibu. Sikuwa nimezoea kuulizwa na mtu huyu, na sikumjua huyo kijana, wala watu wake, wala sikuwa na hakika kama namjua binti yangu. Nikamwambia sijui.

"Hata mimi sijui," akasema kaka yangu, na akamgeukia mkewe amwambie aandae chumba cha wageni, kwa sababu mwalimu hashuki kesho, na keshokutwa pia hashuki.